Matrekta ya Mkono ya Zamani na Injini Zake: Utangulizi

Mwaka 1916, mpiga picha wa West Virginia aliyeitwa Benjamin Franklin Gravely alipata hataza ya chombo alichokiita Motor Plow: gurudumu moja, injini ndogo juu yake, na mikono miwili ya kushikia kama ya plau ya ng'ombe. Husimuliwa kwamba vipuri vya kwanza alivitoa kwenye pikipiki kuukuu ya Indian. Kiwanda chake kikaanza mjini Dunbar mwaka 1922, na kuanzia 1937 kikatoa aina ya L, yenye magurudumu mawili, ambayo iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960. Matrekta hayo hayajaisha. Mengine bado yanafyeka nyasi na kusukuma theluji huko Marekani, na wenye nayo wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja husema injini aliyoifunga Gravely ifufuliwe kwa gharama yoyote. Ya pili husema ifungwe mpya, kazi iendelee.

Ninamkaribisha msomaji aingie katikati ya ubishi huo, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuielewa fani nzima. Fani yenyewe inahusu matrekta ya mkono ya zamani, yaani yale ambayo dereva hapandi bali hutembea nyuma yake akishika mikono. Kazi yake ni kuyajua, kuyatunza, kuyafufua, na kuamua lini injini ibadilishwe na kwa namna gani. Walimu wake wengi ni mafundi wa gereji ndogo, wakulima wa bustani na watu waliorithi chuma kilichokwama bandani. Anayeingia kutoka chuoni, kama nilivyoingia mimi, hana budi kukaa chini na kusikiliza kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anabishana na nani. Katika mashine hizi injini ni kipuri. Ni kipuri kikubwa, cha gharama, chenye kelele na chenye kupendwa, lakini ni kipuri. Trekta ni gia, ekseli, fremu na mikono. Anayelikubali hili huacha kuuliza kama ni halali kubadili injini, na huanza kuuliza maswali yenye faida zaidi: ile ya zamani imekufa kweli? Ile mpya itafanya nini kwa gia ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake? Na atakayekuja baadaye ataweza kurudisha mambo yalivyokuwa?

Historia kwanza, kwa ufupi. Gravely hakuwa peke yake. Nchini Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, Konrad von Meyenburg alibuni mashine ya kulima kwa visu vinavyozunguka badala ya jembe linalokokotwa. Huko Gilgandra, New South Wales, kijana Arthur Clifford Howard alianza majaribio ya wazo kama hilo mwaka 1912, akapata hataza mwaka 1920, na mwaka 1938 akahamia Uingereza, ambako kampuni yake ya Rotary Hoes ilistawi katika jimbo la Essex. Italia walichelewa kidogo: BCS ilianzishwa mwaka 1943 Abbiategrasso, karibu na Milan, kwa mashine ya kukatia majani ya mifugo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili soko lilifurika. Marekani, duka la Sears liliuza matrekta ya David Bradley. Simplicity walikuwa Port Washington, Wisconsin. Planet Jr. ilitoka kwa S. L. Allen wa Philadelphia, kampuni ileile iliyowapa watoto wa Marekani kigari cha theluji cha Flexible Flyer. Uingereza kulikuwa na Trusty, Iron Horse ya British Anzani na nyingine nyingi. Mteja alikuwa mtu mwenye shamba dogo mno kwa trekta la kupanda na kubwa mno kwa jembe la mkono.

Katika orodha hiyo kuna jambo moja ambalo mgeni hupita bila kuliona. Viwanda vingi kati ya hivyo havikutengeneza injini. Vilitengeneza fremu na gia, kisha vikanunua injini kwa wenye kazi hiyo: Briggs & Stratton wa Milwaukee, walioanza mwaka 1908, Kohler wa Wisconsin, Villiers wa Wolverhampton, JAP wa Tottenham. Mwaka huu injini hii, mwaka ujao ile, kulingana na bei na kilichopo stoo. Gravely, aliyetengeneza injini yake mwenyewe na kuifunga moja kwa moja kwenye sanduku la gia, alikuwa tofauti, na hata kampuni yake, baada ya kununuliwa na Studebaker mwaka 1960, iliishia kufunga injini za Onan na Kohler kwenye aina zilizofuata. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba kubadili injini ni kuivunjia heshima mashine wangefaa wakumbuke kwamba kiwanda ndicho kilichoanza.

Na kwa nini injini hufa mapema, gia zikabaki? Gia zimefungwa ndani ya sanduku la chuma cha kutupwa, zinaogelea kwenye oili nzito, zinazunguka polepole, na vumbi haliingii. Injini inayopozwa kwa hewa inafanya kinyume cha yote hayo. Inavuta hewa ya shambani yenye vumbi kupitia kichujio ambacho mara nyingi hakikusafishwa, inachemka, inazunguka mara elfu mbili au tatu kwa dakika, na oili yake ni kidogo, mara nyingi chini ya lita moja, ikirushwa na kijiko cha konrodi badala ya kusukumwa na pampu. Msimu mmoja wa kusahau kupima oili unatosha kuiua. Sanduku la gia lililosahauliwa miaka 20 mara nyingi linahitaji kumwaga oili chafu, kubadili sili na kujaza upya, basi.

Hata hivyo, neno "imekufa" hutamkwa haraka mno. Injini nyingi zilizotupwa zilikuwa hai. Ukaguzi una mambo matatu ambayo kila fundi anayajua: moto, mafuta na kompresheni. Uzoefu uko katika kujua mahali ambapo kila kimoja kinadanganya.

Tuanze na moto. Injini za miaka ya 1940 hadi 1970 zina magneto: sumaku ndani ya fulaiwili inapita mbele ya koili, platini zinafunguka, plagi inapiga cheche. Kwa injini nyingi za Briggs & Stratton, mwanya wa platini ni inchi 0.020, yaani nusu milimita hivi, na wa plagi ni inchi 0.030. Platini zilizolala bandani hupata ukungu wa kutu usioonekana kwa macho. Kuzisugua kwa kipande cha karatasi ngumu kisicho na mafuta kumefufua injini nyingi kuliko vipuri vyote vya dukani. Kondensa ikifa, cheche inakuwa ya njano na dhaifu. Tangu mwaka 1982 Briggs & Stratton wana mfumo wa kielektroniki uitwao Magnetron, na injini zao nyingi za zamani zinaupokea bila shida, platini zikastaafu.

Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao huwapoteza hata wazoefu, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Fulaiwili hukaa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kama koni, na kati yake na krenki kuna kii, kipande kidogo kuliko kidole cha mtoto, cha metali laini. Imefanywa laini kwa makusudi, ikatike yenyewe badala ya kitu cha bei. Nati ya fulaiwili ikilegea, au kisu cha kufyekea kikigonga kisiki, kii haikatiki moja kwa moja kila wakati. Wakati mwingine inakatika nusu, na fulaiwili inahama kiasi cha milimita moja au mbili. Sasa sumaku haipiti koili kwa wakati wake. Fundi anakagua: cheche ipo, nzuri ya buluu. Petroli inafika. Kompresheni inasukuma kidole. Na bado injini inarusha kamba kwa nguvu ya kuumiza kiganja, au inatema moto kupitia kabureta, kisha kimya. Mwenye nayo anasema imekufa, anaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Ukivua fulaiwili utaona ngazi ndogo ubavuni mwa kii, nene kama ukucha. Kii mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei rahisi kabisa katika injini nzima.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Petroli ya Marekani leo kwa sehemu kubwa imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na Uingereza ilifanya mchanganyiko huo kuwa petroli yake ya kawaida Septemba 2021. Ethanoli huvuta unyevu, hugeuza mpira wa zamani kuwa ugoro, na hula kabureta za metali ya zinki. Anayetumia trekta mara chache afunge koki na kuiacha injini izime yenyewe kabureta ikauke. Kabureta iliyoachwa na petroli ndani kwa miezi sita huziba njia zake nyembamba, na hapo ni kufumua, kuloweka na kupitisha waya mwembamba, kazi ya mchana mmoja isiyo na siri.

Kompresheni ndiyo inayotoa hukumu, lakini nayo ina ujanja. Injini hizi nyingi zina valvu ubavuni mwa silinda, si juu kwenye kichwa, na valvu iliyokaa wazi miaka mingi hushika kutu na kukwama hapohapo. Kompresheni inakuwa sifuri, mtu anahukumu ringi na pistoni bure. Vua silinda hedi, ni bolti chache tu, uangalie. Valvu iliyokwama hulegezwa kwa mafuta ya kupenya na subira. Ukishaisaga ikae vizuri kwenye kiti chake, kumbuka kwamba injini nyingi za aina hii hazina skrubu ya kurekebisha mwanya wa valvu: mwanya hupatikana kwa kusaga ncha ya shina la valvu kidogo kidogo huku ukipima. Ukisaga kupita kiasi, unanunua valvu nyingine. Pistoni iliyoganda ndani ya silinda nayo hulowekwa kwa mafuta ya kupenya siku kadhaa na kugeuzwa kwa fulaiwili taratibu. Anayeipiga nyundo kutoka juu anaivunja, na ndipo injini inapokufa kweli.

Basi tuseme imekufa. Silinda imechimbika, konrodi imetoboa ukuta wa krenkikesi na kutoka nje. Hapo kubadili injini kunakuwa kazi halali, na ni kazi yenye hesabu zaidi ya nguvu za mikono.

Injini zinazofungwa sana leo ni za familia ya Honda GX, iliyoingia sokoni mwaka 1983, pamoja na nakala zake nyingi kutoka China. GX160 ina ujazo wa sentimita za ujazo 163 na shafti ya inchi 3/4. GX390 ina 389 na shafti ya inchi moja. Vipimo hivi vimekuwa karibu kanuni ya dunia, na hiyo ndiyo neema yake kubwa. Ikifa hii, nyingine itakaa kwenye matundu yaleyale. Lakini trekta la mwaka 1948 halijui kanuni hiyo. Shafti ya zamani inaweza kuwa ndefu au fupi, nyembamba au nene. Kimo kutoka sakafu ya injini hadi katikati ya shafti kikitofautiana, mkanda unapinda au hauingii kwenye puli. Hayo yote hutatuliwa kwa bamba la chuma lililotobolewa vizuri, bushi iliyokerezwa na fundi makini, na rula. Usitumie jicho. Mkanda uliopinda kidogo hutoa unga mweusi siku ya kwanza na hukatika kabla msimu haujaisha.

Swali la mwelekeo huwashtua wengi. Injini nyingi ndogo, ukisimama ukiutazama mwisho wa shafti inayotoa nguvu, huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ila baadhi ya mashine za zamani zilichukua nguvu kwenye kamshafti badala ya krenki, na kamshafti inayoendeshwa kwa gia huzunguka kinyume cha krenki, tena kwa nusu ya mwendo wake. Anayefunga injini ya kawaida mahali hapo bila kulijua hili atawasha trekta, atatia gia ya mbele, na trekta litamjia yeye kwa kasi maradufu. Haichekeshi ukiwa katikati ya mikono yake na ukuta.

Mwendo ndio kosa linaloua gia zilizosalimika miaka 70. Injini nyingi za zamani zilikuwa na pistoni yenye safari ndefu na fulaiwili nzito ya chuma, zikavuta kwa nguvu kwenye mizunguko kama 2,400 kwa dakika. Injini mpya hutoa nguvu zake kwenye 3,600. Ukiacha puli ileile, kila kitu kinakwenda kwa mara moja na nusu ya mwendo wa zamani: magurudumu, visu, na mtu anayekimbia nyuma. Wengine hupunguza gavana, yaani kidhibiti cha mwendo, ili injini mpya izunguke polepole kama ya zamani. Siwashauri, kwa sababu feni yake imepimwa kwa mwendo mkubwa, na nguvu iliyonunuliwa inabaki haitumiki. Badili puli. Kama ya injini ilikuwa na kipenyo cha milimita 75, funga ya 50, na mwendo kwenye gia unarudi ulivyokuwa. Ila puli ikiwa ndogo mno, mkanda unakunjwa kwa ukali na unateleza, kwa hiyo wakati mwingine ni heri kukuza puli ya upande wa gia. Kwenye David Bradley, ambako mkanda ndio klachi, ukikazwa trekta linakwenda na ukilegezwa linasimama, hesabu hii haina msamaha: urefu wa mkanda ukikosewa kidogo, klachi haiachii au haishiki.

Mwisho kuna uzito, jambo wanalolisahau hata wauzaji. GX160 ina kilo 15 hivi. Injini ya chuma cha kutupwa ya nguvu kama hiyo mara nyingi hukaribia mara mbili yake, na uzito ule haukuwa hasara, ulikandamiza magurudumu ardhini. Trekta lenye injini mpya nyepesi hutoa kishindo na kuteleza palepale. Dawa ni vyuma vya uzito kwenye magurudumu, au maji ndani ya matairi, kiasi cha kurudisha kilichoondolewa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameanza kuona sura anayoijua. Pawatila zilizosambazwa Tanzania wakati wa Kilimo Kwanza, sera iliyotangazwa mwaka 2009, ni wajukuu wa mashine hizi. Nyingi za aina hiyo zina injini ya dizeli ya silinda moja inayopozwa kwa maji, iliyofungwa mbele na kuunganishwa na gia kwa mikanda. Mfano maarufu wa China, S195, ina silinda ya milimita 95 na hutoa nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2,000, na kwa kuwa mchoro wake umetengenezwa na viwanda vingi, injini ya kiwanda hiki hukaa kwenye fremu ya kile. Ndiyo maana huku injini huhama bila mdahalo: msimu wa kulima iko kwenye pawatila, msimu wa kiangazi inaendesha pampu au mashine ya kusaga. Mwenye Gravely wa Ohio anayejiuliza kama kubadili injini ni dhambi angejifunza mengi kwa kukaa siku moja na fundi wa Mbarali, Tanzania. Naye fundi wa Mbarali angepata kwa mwenzake elimu ya kutunza gia ambazo zimemaliza injini tatu na bado hazijafunguliwa.

Kuna hoja ya wahifadhi ninayoiheshimu, nayo ni ya ushahidi. Mashine iliyobadilishwa hovyo hupoteza habari zake. Lakini iliyobadilishwa kwa adabu huongeza habari. Kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton kuna namba zilizogongwa kwenye kifuniko cha feni, na katika zile za baadaye tarakimu za mwanzo za msimbo hutaja mwaka, mwezi na siku ya kutengenezwa. Trekta la miaka ya 1940 lenye injini ya miaka ya 1960 linatuambia kwamba mtu alilitegemea kiasi cha kulinunulia moyo wa pili wakati ambapo angeweza kununua jipya. Angalia tu kwamba vifuniko navyo huhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Tazama rangi iliyo chini ya bolti.

Kwa sababu hiyo sharti langu kwa anayebadili ni moja tu, na silegezi: usikate fremu wala usichomelee kitu juu yake. Kila kilichoongezwa kifungwe kwa bolti, kiweze kufunguliwa. Injini ya zamani, hata iliyotoboka, ipakwe oili, ifungwe kwenye kreti na kuandikwa imetoka kwenye trekta gani. Mtu mwingine ana kabureta nzima na krenkikesi iliyopasuka, na ya kwako ndiyo inayomfaa.

Tahadhari mbili kwa anayeanza. Matrekta haya hayana kile kishikio cha kisasa kinachozima mashine ukiachia mikono. Ukianguka, linaendelea. Funga swichi ya kuzima karibu na kidole gumba kabla ya safari ya kwanza, na usirudi nyuma kuelekea ukuta au mti huku visu vikizunguka. Pili, bitana za klachi na gasketi za zama hizo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Usizipulize kwa hewa wala kuzisaga kwa grenda. Zilowe, zifutwe kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Na kabla hujalipa hata shilingi moja kwa injini mpya, chukua spana uvue kile kifuniko cha feni. Injini iliyolala bandani mara nyingi ina kiota cha panya juu ya mapezi ya silinda, nyasi na pamba vimeshindiliwa hadi hewa haipiti. Kiondoe, funga kii mpya, sugua platini, tia petroli mbichi, uvute kamba. Mara nyingi itawaka.